Mwenye Tangi

Lori la mnunuzi lilikuwa lije Jumatatu. Lilikuja Ijumaa.

Kwa asiyejua zabibu, siku nne si kitu. Mahindi husubiri, karanga husubiri, hata ufuta ukikaushwa vema husubiri bei. Zabibu iliyoiva haisubiri. Ikiachwa mtini, ndege na nyigu huila na mvua huipasua; ikikatwa, huanza kuchacha ndani ya kreti. Mnunuzi aliyajua hayo. Alishuka, akabonyeza vichala viwili vitatu, akatikisa kichwa, akataja bei iliyokuwa nusu ya ile tuliyokubaliana. Mama akawaambia vijana, "Pakieni."

Nilikuwa nimesimama pembeni na shahada yangu ya uzamivu, niliyoipata kwa kuandika kurasa zaidi ya mia tatu juu ya masoko ya mazao. Sikuwa na neno la kumwambia mama.

Shamba lenyewe liko Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Iringa. Baba alipofariki alituachia ekari mbili, na nusu ekari ilikuwa mizabibu yake ya zamani. Zao hili katika eneo letu halikuzaliwa na mpango wa wizara yoyote. Katika miaka ya 1950 mapadre wa Kiitaliano walipanda mizabibu Bihawana, si mbali na kwetu, na Wagogo waliofanya kazi kwao wakajifunza kupogoa. Baadaye ikaja enzi ya kiwanda cha umma, DOWICO, ambacho kilidhoofika na kufa kama yalivyokufa mashirika mengi ya umma, kisha wakaja wenye viwanda binafsi. Katika vipindi vyote hivyo mkulima alibaki pale pale, amesimama kando ya kreti zake akitazama barabara.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba tutajenga kiwanda chetu, hata kama ni cha vyumba viwili. Aliniuliza kama nilikuwa na homa.

Mdogo wangu alikuwa na hoja tofauti, na haikuwa ya kijinga. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi ya pembezoni mwa mji imekuwa dhahabu. Mizabibu inang'olewa, bikoni zinasimikwa. Ekari mbili zile zikikatwa viwanja, alisema, zingetulipa kwa wiki moja kuliko zabibu za miaka kumi. Watumishi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaishi juu ya mashamba ya namna hiyo. Mimi pia ni mmoja wao, nyumba yangu imesimama palipokuwa shamba la mtama la mtu. Kwa hiyo sikuwa na uso wa kumhubiria. Tulibishana miezi mitano, mama akiwa kimya. Mwishowe tuliuza robo tatu ya ekari. Mdogo wangu akachukua fungu lake akajenga, na lililobaki likawa miche 600, nguzo, waya, mipira ya matone na jengo la mvinyo.

Kupanda hakukunishinda. Mama aliongoza, sisi tukachimba mitaro na kubeba samadi. Mwaka wa kwanza mchwa walitafuna nguzo tukazibadilisha. Kilichonishangaza ni tabia ya mmea wenyewe. Ulaya baridi huulaza mzabibu na kuuamsha. Dodoma hakuna baridi ya kazi hiyo, mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Ukipogoa leo, baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya msimu wa mvua huja na maji mengi na ukungu wa kila aina, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Ya kiangazi, mwezi wa nane au wa tisa, ndiyo yenye sukari. Mama huonja tunda moja na kusema, "Bado siku tatu." Mimi hutumia kifaa cha kupimia sukari nilichonunua kwa fedha nyingi. Mpaka leo hatujawahi kutofautiana kwa zaidi ya siku moja.

Jengo ndilo lililotupa fikra. Mvinyo ukichacha hutoa joto, na hamira ikizidiwa na joto hufa kabla ya kumaliza sukari. Mashine za kupoza hatukuwa na uwezo nazo. Nikakumbuka tembe la babu: kuta nene za udongo, paa la udongo juu ya miti, na ubaridi uliokupokea mlangoni saa nane mchana. Kwa miongo kadhaa tumehimizwa tuondokane na tembe kama ishara ya unyonge, na wengi wetu tuliona aibu kusema tulizaliwa humo. Basi tulichimba chini nusu ya kimo cha mtu, tukajenga kuta pana za matofali ya udongo na kuweka udongo juu ya dari. Afisa aliyekuja kukagua alidai, kwa haki kabisa, kuta za ndani ziwe za kuosheka. Tukazipiga plasta na kubandika vigae. Ni tembe lenye vigae, labda la kwanza Ugogoni.

Mvinyo wa kwanza uliharibika. Lita 600. Nilikuwa Dar es Salaam katika kongamano, nikiwasilisha mada juu ya kuongeza thamani ya mazao ya kilimo, na wala sitanii. Kijana tuliyemwachia tangi alisikia likitokota, akahofu litapasuka, akafunua mfuniko ili lipumue. Hakukosea yeye, mimi ndiye niliyemwagiza kila kitu isipokuwa sababu yake. Hewa iliingia, na niliporudi harufu ilinipokea getini. Mke wangu alionja kidogo, akafikiri, akasema, "Tuna siki ya kachumbari ya miaka ishirini." Mama hakuonja. Yeye ni Mwanglikana wa ule uamsho usiogusa kileo, na huwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mwanawe alisomea udaktari akaishia kuwa mpika pombe. Lakini kila asubuhi ya msimu uliofuata nilimkuta mlangoni akisikiliza tangi.

Kuhusu vibali nitasema machache, maana wahusika watanisoma. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa inautofautisha mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 na mvinyo mwingine, na kuutoza ushuru mdogo. Ni uamuzi mzuri wa kisera na aliyeuandika anastahili shukrani. Ila njia ya kuufikia uamuzi huo imetengenezwa kwa kipimo cha viwanda vikubwa. Fomu moja iliniuliza uwezo wa uzalishaji kwa siku. Niliandika kwamba tunazalisha mara mbili kwa mwaka. Ilirudishwa. Nikaandika sifuri. Ilirudishwa. Mtumishi mmoja kijana, aliyenionea huruma, aligawanya lita zetu kwa siku 365 mbele yangu na kuandika lita tatu, ikapita. Katika makaratasi ya nchi hii mimi hukamua lita tatu kila siku, Krismasi ikiwemo.

Mwaka huu, mwezi Machi, ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike.

Lori halikufika tena. Jioni, jirani yetu, mjane mwenye umri wa mama yangu, alikuja na mkokoteni wa kreti kumi na nne. Alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna nafasi, na ilikuwepo. Nilitoka, nikabonyeza vichala viwili vitatu, nikatikisa kichwa. Nikataja bei. Aliangalia chini kidogo kisha akamwambia mjukuu wake, "Shusha, baba."

Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Alisubiri mgeni aondoke. "Umebonyeza kama yule wa lori," akasema, akaingia ndani.

Nimewafundisha vijana neno "mnyonyaji" kwa miaka kumi na minne, na siku zote nilimchora akiwa mtu mwingine. Usiku ule nilikaa na daftari. Lita moja ya mvinyo hula kilo moja na nusu ya zabibu au pungufu kidogo; katika hesabu zetu chupa tupu, kizibo, lebo na stempu vinagharimu zaidi ya zabibu zilizomo. Nikilipa bei anayostahili mjane, sioni faida mpaka mwaka wa tano. Nikilipa bei ya lori, naiona mwaka ujao. Tangi si kitu kingine ila uwezo wa kusubiri, na mimi niliutumia kwa mtu asiye nao, bila hata kukusudia, kwa mikono iliyojua kazi hiyo kuliko kichwa.

Nilimpelekea nyongeza Jumamosi iliyofuata. Si yote.

Mwezi wa tano majirani tisa walikuja kikao nyumbani. Wanataka zabibu zao ziingie katika tangi kwa hisa, kila mtu na kilo zake, walipwe mvinyo ukiuzwa. Nilifurahi na kuanza kueleza historia ya ushirika, mjane akanikata kauli kwa upole: "Mwanangu, ikigeuka siki, nani analipa?" Nilisema tutaliweka katika mkataba. Akauliza tena swali lile lile. Mpaka tulipoachana sikuwa nimelijibu, na mke wangu, ambaye ndiye mshika fedha, bado hajakubali jibu lolote kati ya matatu niliyomletea.

Tulipogoa mwishoni mwa Aprili. Hesabu inaangukia mwisho wa Agosti. Tangi la pili limefika, lita 1,000, liko uani chini ya turubai. Nilipojenga nilipima mlango kwa tangi moja. Fundi anakuja Jumanne kuubomoa.