Kompyuta Ikilia, Usiizibe Mdomo

Wasee, leo nawaambia vile nilipoteza hadithi ya shosho yangu kwa mstari mmoja wa Python.

Mwaka jana, kabla shosho hajatuacha, nilikuwa naenda kwake kumrekodi akitoa hadithi kwa Gĩkũyũ. Nilitaka kutoa video fupi zenye maandishi chini. Nikirudi nachapa kila neno kwa simu, halafu nafuta rekodi juu simu imejaa. Shosho alikuwa mkali na ĩ na ũ zake. Ukimwandikia "muti" badala ya "mũtĩ", anakuuliza shule ulienda kula ama kusoma.

Niko na laptop nzee ya Windows, na Python nilijifunza kabla niache chuo. Nikaandika programu ndogo ya kukata hadithi iwe mistari mifupi. Ya kwanza ikatoka "mÅ©tÄ©". Nikaisevu hivyo tu, nikasema nitaiangalia kesho.

Shida ni gani? Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kwa UTF-8, ũ ni baiti 2: C5 na A9. Laptop yangu ikazisoma kwa jedwali la kitambo linaitwa cp1252, ambapo kila baiti ni herufi moja. C5 ikawa Å, A9 ikawa ©.

Hadithi ya pili nikaiambia isome kwa UTF-8. Ikasoma poa, lakini kusevu ikakataa: UnicodeEncodeError. Ilikuwa inasevu kwa lile jedwali la kitambo, na huko ũ haina kiti. Mimi na haraka zangu nikaongeza errors='ignore'. Kimya. Nikafurahi, nikasevu juu ya faili lile lile.

Baada ya mazishi ndio nikafungua. "Mũtĩ" na "mĩtĩ", mti mmoja na miti mingi, zote zimekuwa "mt". "Mũtumia", yaani mwanamke, amekuwa "mtumia". Manze, nilikaa hapo nikiangalia tu.

Na hii ndiyo iliniuma zaidi: ile hadithi iliyokaa takataka ndiyo ilipona. Nilifanya .encode('cp1252').decode('utf-8'), nikarudisha baiti zilikotoka, na kila ũ ikarudi mahali pake. Ile iliyokaa safi, haina kelele yoyote, ndiyo iliisha. Ignore hairekebishi herufi, inaitupa.

Ikabidi niende kwa mathe anisaidie kujaza. Na huyo mathe, kwa miezi 5 nilikuwa namwambia masomo iko sawa na nilishaacha chuo. Yaani hata yeye nilikuwa nimemwekea ignore. Tulipofika katikati ya hadithi nikamwambia ukweli. Alinyamaza kitambo, akauliza fees ilienda wapi, nikamjibu. Halafu akasema, "Haya, soma neno linalofuata."

Tulijaza karibu yote. Maneno 11 hata yeye hayajui, nimeacha nafasi wazi. Sitaki kubahatisha maneno ya shosho.

Kwa hivyo ukisoma faili, andika encoding='utf-8'. Ukisevu, andika tena. Weka kopi ya faili la kwanza. Na kompyuta ikikulilia, isikilize kwanza. Kuna kitu inajaribu kukuokolea.