Hermitage: Ngome Iliyomponza Malkia

Kama wewe na mwenzi wako mnapenda zile ngome za kwenye kadi za harusi, zenye minara myembamba na bustani ya waridi, basi Hermitage sio ya kwenu. Hii iko kusini kabisa mwa Scotland, kwenye bonde la Liddesdale, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Uingereza. Ukiiona kwa mbali unadhani ni ghala la mawe ambalo mwenyewe alisahau kuweka madirisha. Kuta zimepanda wima, nyeusi nyeusi, na kila upande mwembamba una tao moja kubwa la kutisha linalounganisha minara miwili. Hakuna kijiji pembeni. Kuna kondoo, kijito na upepo.

Lakini penzi lililozungumzwa kuliko yote katika historia ya Scotland limepita hapa. Mimi na mume wangu tulikuwa tukibishana juu ya penzi hilo tangu tulipotoka Edinburgh, na ndiyo maana tulifunga safari.

Bonde lenyewe kwanza. Kwa karne nyingi mpaka kati ya Scotland na Uingereza ulikuwa ni wa vita, na watu walioishi pale walijifunza kwamba ukilima, jeshi litachoma. Ng'ombe wana nafuu, maana wanatembea. Matokeo yake wizi wa mifugo ukawa ndio kazi ya ukoo: wanaume wanatoka usiku wakiwa juu ya farasi, wanavuka mpaka, wanarudi na mifugo ya watu. Akina Armstrong na akina Elliot wa Liddesdale ndio walivuma zaidi. (Mwaka 1972 Neil Armstrong, yule wa mwezini, alikuja mji wa Langholm, jirani na hapa, akapewa heshima ya mji. Ukoo ule ule bwana!) Hata neno la Kiingereza "blackmail" lilizaliwa mpakani hapa: ilikuwa ni malipo unayompa mwizi ili asikuibie.

Mwenye Hermitage ndiye aliyeshika bonde, kwa hiyo watu waliitoana roho. Ukoo wa de Soules ndio waliojenga ngome ya kwanza karne ya 13. Wenyeji bado wanasimulia kwamba Bwana Soules alikuwa mchawi mwenye jini lake, na mwisho raia walimfunga ndani ya bati la risasi wakamchemsha. Stori tamu, ila William de Soules wa kweli alikula njama dhidi ya mfalme Robert Bruce mwaka 1320 na akafia kifungoni. Hakuna chungu wala jini.

Kisa cha 1342 hakihitaji kutiwa chumvi. Sir Alexander Ramsay aliikomboa ngome ya Roxburgh kutoka kwa Waingereza, na mfalme David II akamzawadia cheo cha kusimamia sheria katika eneo hili. Cheo hicho Sir William Douglas alikuwa akikiona ni chake. Wawili hawa walikuwa wamepigana vita upande mmoja, watu wa kula sahani moja. Douglas alimvamia mwenzake Hawick alipokuwa akiendesha mahakama, akamleta Hermitage, akamtupa shimoni bila chakula. Wanasema Ramsay aliishi siku kumi na saba kwa kuokota punje zilizokuwa zikidondoka kutoka ghala la juu. Mfalme alifanya nini? Baada ya muda, kile cheo akampa Douglas! Miaka kumi na moja baadaye Douglas naye akauawa, na aliyemuua ni ndugu yake mwenyewe wa ukoo.

Ukiingia leo utaonyeshwa gereza la shimo ndani ya mnara. Usisimame pale ukimlilia Ramsay. Sehemu kubwa ya mawe unayoyaona ilianza kujengwa miaka kama ishirini baada ya kifo chake. Ila baridi ya mle ndani inatosha kukupa picha. Mimi sikukaa dakika mbili.

Sasa tuje kwa malkia.

Oktoba 1566 Mary wa Scotland ana miaka 23. Ana mtoto wa miezi minne, na mume, Lord Darnley, ambaye hawaivi. Na hawaivi kwa sababu nzito: mwezi Machi mwaka ule ule Darnley na wenzake waliingia chumba alichokuwa akila chakula cha jioni, wakamvuta katibu wake, David Rizzio, wakamchoma visu hadi kufa. Mary alikuwa mjamzito wa miezi sita. Hebu fikiria unaendelea kuitwa mke wa mtu huyo.

Mwezi huo malkia alikuwa Jedburgh akisikiliza kesi za wezi wa mpakani. Mwakilishi wake mpakani alikuwa James Hepburn, yaani Bothwell, mwenye Hermitage, na yeye ndiye alitumwa kuwakamata wezi. Kwenye kukimbizana akakutana na mmoja wa akina Elliot, anayejulikana kama Little Jock. Bothwell akampiga risasi, Jock akainuka akamcharanga kwa upanga. Inasimuliwa kwamba walipombeba kumrudisha ngomeni walikuta wezi aliowafungia wameshaiteka, ikabidi waahidiwe uhuru ndipo wamfungulie mwenye nyumba mlango wa kwake.

Kilichofuata ndicho kilituletea ugomvi garini. Mary akapanda farasi kutoka Jedburgh hadi Hermitage, kama kilomita 40 za vilima na matope, akakaa na majeruhi muda wa saa mbili hivi, akageuza siku hiyo hiyo. Kilomita 80! Mume wangu ana imani moja tu: mwanamke hawezi kwenda mwendo huo kwa ajili ya mfanyakazi wa serikali. "Mpenzi, mimi nikiumia utakuja hata kwa bodaboda?" akaniuliza. Nikamwambia itategemea na tabia yako wiki hiyo.

Lakini hesabu siku. Bothwell aliumia mwanzoni mwa mwezi, na malkia alikwenda katikati ya mwezi, karibu wiki nzima baadaye, akiwa na shughuli zake za mahakama. Mwenye kuchanganyikiwa na mahaba hangoji wiki. Tena hakwenda peke yake. Alifuatana na watu wa baraza, akiwemo kaka yake wa baba mmoja, Moray, ambaye hakuwa mtu wa kumbebea dada yake barua za mapenzi. Na aliyelala kitandani alikuwa ndiye mkono wake wa dola katika eneo bovu kuliko yote nchini. Serikali yoyote ingeenda kumwona. Kurudi siku ile ile nako kunaeleweka: ukilala usiku mmoja chini ya paa la mwanaume wa watu (Bothwell alikuwa ameoa mwezi Februari), kesho yake mji mzima unalo.

Mji ulilipata hata hivyo. Mary alirudi Jedburgh akaanguka homa kali, hadi Oktoba 25 waliomzunguka wakadhani amekata roho. Darnley alifika tarehe 28, akalala usiku mmoja, akaondoka. Ile nyumba ya mawe pale Jedburgh wanayosema ndiyo aliyougulia leo ni makumbusho, na mimi naiona kama sura ya pili ya Hermitage. Ukitaka kumjua mume, muulize aliyemkalia kitandani.

Kisha mambo yakaenda haraka. Februari 10, 1567 nyumba aliyolala Darnley mjini Edinburgh ililipuliwa kwa baruti, na yeye akakutwa bustanini amekufa. Kila kidole kikamwelekea Bothwell, ila mahakama ikamwachia. Aprili akamteka malkia njiani, akampeleka Dunbar. Mei akampa mkewe talaka, na Mei 15 yeye na Mary wakafunga ndoa. Kama Mary alitekwa kweli au alikubali, wanahistoria hawajamaliza kugombana. Mimi siwezi kuita mahaba kitu kilichoanza kwa kukamatiwa hatamu za farasi. Ndoa ilidumu mwezi mmoja. Juni 15 mabwana wakubwa wa nchi wakamzingira Mary pale Carberry, Bothwell akakimbia, na Julai 24 malkia akalazimishwa kumwachia kiti mwanae wa mwaka mmoja.

Ndipo ile safari ya Oktoba ikapewa maana mpya. George Buchanan, msomi wa upande wa waliompindua, aliandika kitabu cha kumchafua, akaeleza jinsi malkia alivyokurupuka kumkimbilia hawara wake mara tu aliposikia ameumia. Ile wiki ya kungoja ikapotea. Buchanan huyo huyo ndiye akawa mwalimu wa mtoto wa Mary, kijana aliyekua bila mama. Mary mwenyewe alikimbilia Uingereza mwaka 1568, akafungwa miaka 19, akakatwa kichwa Februari 8, 1587. Saa mbili za Hermitage hazikumuua, lakini zilikuwa kwenye fungu la mashtaka.

Aliyeimaliza ngome ni mwanae. Mwaka 1603 James akarithi kiti cha Uingereza pia, na mpaka ukawa katikati ya nchi za mfalme mmoja. Wezi wakanyongwa au kufukuzwa, na ngome ikakosa kazi. Paa likaanguka, na ingekwisha kabisa kama familia ya Buccleuch isingeikarabati kuta miaka ya 1820.

Mkitaka kwenda, kodini gari. Treni ya kutoka Edinburgh inaishia Tweedbank, na basi la kufika mlangoni hakuna. Kwa kawaida hufunguliwa miezi ya kiangazi tu, tena hufungwa wakati wa ukarabati, hivyo ulizieni kwanza. Viatu virefu viacheni hotelini. Na msiishie kwenye tao. Fuateni kijito kidogo hadi mabaki ya kanisa, kisha mgeuke muitazame ngome kutoka huko. Mume wangu alisimama pale muda mrefu, mikono mfukoni, halafu akaniuliza Bothwell aliishia wapi.

Denmark, nikamwambia. Alikamatwa Norway, akafungwa, akafia gereza la Dragsholm mwaka 1578. Tangu Carberry hawakuonana tena.