JAMAA ALIYETUPA K MBILI SAA NANE USIKU

Kuna jamaa mmoja fundi simu, kibanda chake kiko Kariakoo na amepanga chumba na sebule Mbagala. Mchana anabadilisha vioo vya simu za watu. Usiku, watu wakishalala, yeye yuko kwenye simu yake anacheza poka mtandaoni. Siyo siri tena, mke wake anajua. Alijuaje? Ndo stori inapoanzia.

Miezi miwili nyuma jamaa alikuwa na 360,000 za kodi ya miezi sita. Si unawajua wenye nyumba wa Dar, habari za kulipa mwezi mmoja mmoja hawataki kuzisikia. Sasa hela iko kwenye simu, na poka iko kwenye simu hiyohiyo. Akajisemea atatumia 150,000 tu, na atairudisha kabla hakujakucha.

Akapewa A mbili. Kwa wasioijua poka: kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu zinafunuliwa karata tano mezani ambazo ni za wote. A mbili ndo mwanzo mzuri kuliko mwingine wowote, na kwa wastani unazipata mara moja katika mara 221. Jamaa akaona leo ndo leo. Badala ya kupandisha dau ili wengine wakimbie, akajikausha kimya awanase wote. Wakaingia watu watano. Kosa la kwanza hilo, maana A mbili mbele ya mtu mmoja zinashinda kama mara 85 katika 100, ila mbele ya watu watano zinashuka mpaka karibu nusu kwa nusu.

Zikafunuliwa 7, 8 na 9, zote kopa. A zake yeye ni ya uru na ya shupaza, kopa hana hata ya dawa. Mmoja akaweka dau, wa pili akaongeza, wa tatu akasukuma kila alichonacho. Hata mtoto angeona pale hapakaliki. Jamaa anajiambia, "Nitupe A mbili? Haiwezekani." Dakika haikuisha, 150,000 haipo.

Mama Nasra alijua siku mwenye nyumba alipokuja kugonga mlango. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Nasra, mwenzio naamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, ujue." Basi. Bora angepiga kelele. Pengo akaliziba yeye kwa mkopo wa kikoba, marejesho kila Jumamosi.

Wiki moja baadaye wakiwa wanakula, akamwambia amekataa oda ya chapati 400 za harusi. Jamaa akashangaa, oda kubwa vile mtu anaikataaje?

"Walitaka kulipa baada ya sherehe," Mama Nasra akasema. "Oda ni nzuri, sikatai. Lakini unga na mafuta ya kazi ile ndo mtaji wangu wote. Wasipolipa, Jumatatu nakaanga nini?"

Hakuongeza neno. Jamaa naye alikula kimya, ila yale maneno yalimkaa.

Wakakubaliana kitu kimoja: poka ni 5,000 kwa wiki, ikiisha imeisha. Kwa hela hiyo jamaa akawa anaingia vile vishindano vidogo ambavyo zawadi yake siyo hela, ni tiketi ya kuingilia shindano kubwa la Jumapili. Kiingilio cha hilo shindano kubwa ni dola 55, hela ambayo hawezi kuitoa mfukoni.

Sasa rudi kwenye ule usiku. Walianza watu 130, tiketi ziko 5. Saa nane usiku wamebaki watu 6. Yaani anatakiwa atoke mmoja tu, wote waliobaki wanapata tiketi sawasawa. Wa kwanza hapati mbili, na wa tano hapati nusu.

Kinara ana chipu 80,000. Jamaa ni wa pili, ana 50,000. Wa mwisho amebakiwa na 3,000, na mzunguko unaofuata ni zamu yake kutoa dau la lazima la 2,000. Huyo anapumulia mashine.

Jamaa anafunua karata zake: K mbili. Baada ya A mbili hakuna mwanzo mwingine unaozizidi. Kabla hajagusa kitu, kinara akasukuma zote 80,000. Simu ikaanza kumhesabia sekunde.

Mkono unamwasha. Anajua yule kinara anaonea watu tu kwa sababu ana chipu nyingi, anaweza kuwa na karata yoyote ile. Na mbele ya karata yoyote, K mbili zinashinda kama mara 8 katika 10. Nani anaikataa hiyo?

Ila akajiuliza: akishinda, anapata nini ambacho hana? Chipu 100,000 zitampa tiketi moja, na hizi 50,000 akikaa nazo kimya zitampa tiketi hiyohiyo. Akishindwa, anatoka yeye, na yule mwenye 3,000 anapata tiketi bila kufanya lolote. Kwa hiyo zile mara 8 hazimwongezei kitu, na zile 2 zinamnyang'anya kila kitu.

Zikabaki sekunde nne. Akatupa.

Kinara hakuonesha karata zake, na mpaka leo jamaa hajui alikuwa na nini. Mbaya zaidi, yule wa 3,000 akashinda mzunguko uliofuata akafika 7,000. Jamaa alikaa kwenye kochi anajilaumu, anaziona zile K kila akifumba macho. Zikapita dakika 11 ndefu kama usiku mzima, ndipo yule mtu akaisha. Tiketi ikaingia. Alitaka kuruka, akakumbuka Nasra amelala.

Jumapili akaicheza tiketi yake. Saa mbili na nusu za kucheza, akatoka bila hata senti.

Alfajiri Mama Nasra alimkuta macho, akamuuliza huku anakanda unga.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Umetoa ngapi?"

"Elfu tano ileile ya wiki."

Akamwangalia kidogo, kisha akamsogezea beseni. "Haya, njoo ukate maandazi basi. Kikoba bado marejesho matatu."

Jamaa akanawa mikono.

Haya mdau, ungekuwa wewe saa nane usiku na K mbili mkononi, ungezitupa? Sema ukweli.