Maumivu Yasiyo na Kidonda

Yako maumivu yasiyoonekana. Mtu ameugua zona. Malengelenge yamekauka, ngozi imepona. Lakini ubavu wake unawaka kama moto miezi mingi, hata nguo ikimgusa analia. Watu humtazama wasione kitu. Wengine husema: «Anajifanya.» Wengine husema neno baya zaidi: «Amelogwa.» Katika shirika letu yuko mama mmoja wa namna hiyo, na jina la mkwe wake limekwisha kutajwa. Ndiyo sababu naandika.

Ukweli ni huu: mishipa ya fahamu ndiyo iliyoumia. Inafanana na mlinzi anayepiga ngoma ya hatari usiku kucha, na adui amekwisha kwenda zake.

Waganga wa hospitali huanza na dawa za kumeza au za kupaka. Zisipofaa, katika nchi nyingine hujaribu sindano za sumu iitwayo botulini. Jina limetoka katika Kilatini: botulus, ndiyo soseji, kwani sumu hii huzaliwa katika chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wapiga muziki walikula nyama ya paja la nguruwe baada ya maziko, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem wa Gand akachunguza nyama ile, akakiona kijidudu chenyewe.

Sumu hiyo hulegeza mwili hata mtu ashindwe kupumua. Lakini kiasi kidogo mno, kikipigwa chini ya ngozi mahali panapouma, huizuia mishipa isitoe vitu vinavyopeleka habari ya maumivu. Nafuu hudumu miezi mitatu hivi, kisha sindano hurudiwa. Haiwafai wote, wala haing'oi ugonjwa. Tena ni kazi ya mganga aliyefundishwa, si ya mwuza dawa wa sokoni.

Basi, wengi wetu hatutaipata sindano hiyo, kwani ni ya feza nyingi. Lakini tukijua kwamba waganga wanatafuta dawa ya maumivu hayo, tutajua pia kwamba ni ugonjwa kweli. Tumsadiki mgonjwa. Tumpeleke zahanati, tumfulie nguo, tumchotee maji. Na jina la jirani tuliache: amri ya nane haikuwaruhusu wenye uchungu kumshuhudia mtu uwongo.