Bamba moja, ramani arobaini



Mimi ni fundi seremala hapa Bukavu. Watu wakiniona nimebeba bamba la plastiki hucheka na kusema nimeacha mbao. Sikuacha mbao. Ninatengeneza ramani za watoto wasioona, ramani za kusomwa kwa vidole, na kazi hiyo yataka plastiki. Leo nataka kueleza jambo moja tu la kazi hiyo, maana ndilo linaloamua kama fedha zitatosha au hazitatosha: ukubwa wa kila kipande.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Ninachonga kalibu ya mbao, yaani umbo la kitu ninachotaka. Ninabana kipande cha plastiki katika kiunzi cha chuma, pande zote nne, na kukitia katika tanuri mpaka kilegee na kushuka katikati kama shuka iliyolowa. Hapo ninakilaza upesi juu ya kalibu, nayo imekaa juu ya sanduku lenye matundu. Chini ya sanduku kuna mashine ya nyumbani ya kuvuta vumbi. Mashine inaondoa hewa iliyo chini ya plastiki, na hewa iliyo juu inaisukuma mpaka ishike kalibu kila mahali.

Msidharau nguvu ya hewa. Hapa kwetu, karibu metri 1,500 juu ya bahari, hewa hulemea kila sentimetri mraba kwa gramu 860 hivi. Mashine ya nyumbani huondoa kama sehemu moja tu ya tano. Hata hivyo, kipande changu husukumwa kwa uzito wa kilo 90 hivi, karibu mifuko miwili ya saruji.

Sasa tuje kwenye vipimo. Shule ilikuwa na wanafunzi 34 na fedha za kununua bamba moja tu la polistireni, lenye sentimetri 122 kwa 244 na unene wa milimetri moja. Ramani moja ukutani hutosha watoto arobaini wenye macho. Lakini vidole haviwezi kusoma kutoka kwenye benchi. Mtoto asiyeona akikosa ramani yake, anakaa akingoja wenzake wamalize, na kengele inalia kabla ya zamu yake.

Kwa hiyo sikuanza na ukubwa wa kalibu. Nilianza na bamba. Upande wa 122 ukigawanywa kwa 4, unapata 30.5. Upande wa 244 ukigawanywa kwa 10, unapata 24.4. Basi, vipande 40, wala hakuna kinachotupwa. Ninakwaruza kwa kisu na kuvunja, maana msumeno hula plastiki kila unapopita.

Mwenzangu mmoja, fundi aliyenizidi umri, alitazama akasema: « Mdogo wangu, ongeza kidogo. Sentimetri moja na nusu kila upande, ziwa lionekane kubwa. »

Nikamjibu: « Sawa, kaka, lakini tuhesabu kwanza. »

Tukachukua chaki, tukachora bamba sakafuni. Kwa kipande cha 32 kwa 26, hata tukigeuza na kuchanganya, tulipata vipande 34 tu. Vipande sita vimepotea kwa ajili ya sentimetri moja na nusu! Na kisingebaki hata kimoja cha majaribio. Kaka yangu akafuta chaki kwa mguu, akasema: « Kata yako. » Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Ukiisha kujua kipande, rudi ndani hatua kwa hatua. Toa sentimetri 2 kila upande za kubanwa na kiunzi. Usizipunguze, maana plastiki ikipata moto hutaka kujikunja, nayo hutoroka mahali iliposhikwa kidogo. Yabaki 26.5 kwa 20.4, ndiyo nafasi wazi. Toa tena sentimetri 2 kila upande kati ya kiunzi na kalibu, ili plastiki ipate mahali pa kushuka bila kufanya mikunjo. Basi kalibu yangu ni 22 kwa 16. Ziwa Kivu lina urefu wa kilometri 90 hivi na upana wa karibu 50. Nikifanya sentimetri moja kuwa kilometri nne na nusu, ziwa linapata sentimetri 20 kwa 11, na kisiwa cha Idjwi karibu 9. Linaenea vizuri chini ya mikono miwili ya mtoto.

Pima na tanuri pia. Vibanio hutokeza nje ya kiunzi, na plastiki ikilegea hushuka. Isiguse chuma chenye moto.

Unene nao una hesabu yake. Kalibu yangu ina kimo cha sentimetri moja, kwa hiyo plastiki ya milimetri moja hubaki karibu na 0.9. Lakini kalibu ya upana uleule ikiwa na kimo cha sentimetri 10, plastiki ile ile huvutika mpaka 0.4 hivi, na pembeni hupungua zaidi. Anayetaka bakuli anunue bamba nene. Anayetaka ramani asitupe fedha. Mahali palipo chini, kama ziwa, toboa matundu membamba katika kalibu, hewa isifungwe humo. Tena fungua madirisha: plastiki inayoungua hutoa moshi mbaya.

Vipande sita vilivyozidi vilitumika kwa majaribio, na 34 vikawa ramani. Msichana mmoja alipitisha vidole pwani yote, akafika Idjwi, akauzungusha mkono polepole. Akasema: « Kumbe ni ndefu hivi! Mimi nilidhani ni kilima tu ndani ya maji. » Jirani yake hakungoja zamu, naye alikuwa amekwisha kufika Goma kwa vidole vyake.

Basi, ndugu mafundi, kabla ya kuchonga kalibu yoyote, ulizeni mambo mawili: bamba ni kubwa kiasi gani, na watu wanaongojea ni wangapi? Kalibu ije baadaye.