Saa Tatu Katika Jumba la Makumbusho

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Msemo huu humfaa sana msafiri atokaye Kalemng'orok akiwa na saa tatu tu za kutembelea Jumba la Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Kalemng'orok ni kituo kidogo cha Turkana Kusini, kando ya barabara itokayo Lodwar kuelekea Kitale. Kutoka hapo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Gari hupita Kainuk, hupanda milima ya Pokot kupitia Marich na Kapenguria, kisha huteremkia Kitale. Msafiri hufika jijini na vumbi lake na uchovu wake. Mara nyingi ameletwa na shughuli za chuo, hospitali au harusi ya ndugu, na jioni gari la kurudi linamsubiri.

Jumba lenyewe lipo Museum Hill. Lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon, likafungwa 2005 ili likarabatiwe, na kufunguliwa tena 2008. Ndani mna ndege, wanyama, historia na michoro, bila kumsahau Ahmed, ndovu mashuhuri wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974. Atakayetaka kuona yote kwa saa tatu atatoka na miguu inayouma na kichwa kitupu. Afadhali kuchagua vitu vichache na kuvitazama kwa utulivu.

Kwanza, nenda moja kwa moja kwa Mvulana wa Turkana. Mwaka 1984, marehemu Kamoya Kimeu, fundi hodari wa kutafuta masalio ya kale, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso katikati ya kokoto huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kikundi cha Richard Leakey na Alan Walker kilipochimba kikapata mifupa mingi ya mtoto aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Hadi leo hakujapatikana kiunzi kingine cha binadamu wa aina hiyo, Homo erectus, kilichokamilika kiasi hicho.

Mwanafunzi mmoja wa Kalemng'orok niliyeandamana naye alisimama mbele ya mifupa hiyo bila kusema neno. Kisha akapima kimo kwa mkono wake. "Analingana na kaka yangu anayechunga mbuzi," akasema. Kaka huyo hajawahi kufika Nairobi.

Pili, tafuta picha za Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Alichora mamia ya picha. Usizipite mbio. Chagua moja, tazama shanga, nywele na macho, kisha jiulize ni nini tulichobaki nacho.

Ikibaki saa moja, teremka hadi Nairobi Gallery, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Nyumba hiyo ya mwaka 1913 ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na sasa imehifadhi hazina ya sanaa ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Mwenzake, Mmarekani Alan Donovan, alianza kwa kukusanya vyombo na mapambo ya Waturkana na kuyaonyesha Nairobi. Mwaka 1972 wakaanzisha duka la sanaa la African Heritage. Kumbe ekicholong, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kulazia kichwa usiku, kwa wengine ni sanaa ya kusafiri mbali kuitazama!

Enyi wazazi wa mjini, mnaopita Museum Hill kila siku mkiwa ndani ya matatu, mna udhuru gani? Mtoto wa Kalemng'orok husafiri kutwa kucha ili aone kilichotoka kwao. Wenu anahitaji nauli ya mjini tu. Jumapili moja beba kitambulisho, wahi asubuhi, mpe mtoto daftari na kalamu, na umwache achague vitu vitatu. Atakaporudi nyumbani, mwambie akusimulie.