Daftari la mali kauli

Kaka yangu aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa maneno ya watu wengine. Ndivyo ilivyokuwa zama zake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana aliyemaliza kidato cha sita aende kwanza kazini, miaka miwili hivi, ndipo aombe chuo, tena kwa pendekezo la mwajiri wake na la chama. Kaka alipata kazi ya ukarani Sumbawanga. Siku aliyoshuka nyumbani Kasanga na nakala ya barua ya tawi la chama, baba alimtaka aisome mara mbili. Mimi nilikuwa darasa la nne, nimekaa juu ya gunia la dagaa, nasikiliza. Barua ilisema kijana huyu hachelewi kazini, hana majivuno na anaelewana na wenzake. Baba akaitikia kwa kichwa. "Wamekujua," alisema.

Utaratibu ule ulikuwa na ubaya wake. Katibu akikuchukia, safari yako imeishia pale pale mezani kwake. Lakini kuna jambo moja haukumlazimisha mtoto wa Kasanga kulifanya: kujisifu. Sisi tulilelewa kwamba mtu hajisemi, husemwa. Hata mke huendi kumwomba mwenyewe, unamtuma mshenga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo tuliambiwa kabla hatujajua kusoma.

Zamu yangu ilipofika, mwishoni mwa miaka ya 1980, masharti ya Musoma yalikuwa yamelegezwa na alama ndizo zilizosema. Nilijaza fomu, nikasubiri, jina likatoka. Nikawa mwalimu, nikarudi Rukwa, na kwa miaka mingi sikuona mwanafunzi wangu hata mmoja akiombwa na chuo aeleze yeye ni nani.

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha mfumo mmoja wa maombi kwa njia ya mtandao, na ndipo steshenari za Sumbawanga zilipoanza kujaa kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka. Watoto walikuja kutoka Laela, Matai na Kasanga na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, wakampa kijana wa kompyuta namba zao za mtihani na nywila zao, naye akawajazia. Mwaka 2017 maombi yalirudishwa kwa vyuo vyenyewe, foleni ikabaki vile vile. Mkopo wa elimu ya juu nao una safari yake: ada ya maombi shilingi 30,000, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, mhuri wa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, sahihi ya kamishna wa viapo. Sijawahi kuwalaumu vijana wale kwa kutoza. Mtoto ambaye hajawahi kushika kompyuta alikuwa akilipia vidole na mtandao, na alipata alicholipia. Jina lilikuwa lake, alama zake, na hakuna aliyemsemea.

Kisha akaja binti wa dada yangu.

Alifaulu vizuri sana, na mwalimu wake akamwambia aombe skolashipu za nje. Kuna Mastercard Foundation, ambayo husomesha vijana wa Kiafrika katika vyuo kama Makerere na Ashesi ya Ghana. Kuna vyuo vya Marekani vinavyopokea maombi kupitia fomu moja ya pamoja, na humo anatakiwa aandike insha kuhusu nafsi yake isiyozidi maneno 650. Maneno 650 kwa mtoto ambaye nyumbani amesikia Kifipa, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na Kiingereza amekutana nacho kwa uzito wake kidato cha kwanza! Akaniletea rasimu Sumbawanga, lakini siku zile nilikuwa nasahihisha mitihani, nikamwambia aje wiki inayofuata. Hilo bado linanichoma. Hakungoja. Alimpata mtu wa kunyoosha Kiingereza, akamlipa shilingi 80,000 ambazo mama yake alizitoa kwenye mauzo ya dagaa.

Aliporudi, alinipa karatasi mbili: yake na ile iliyonyooshwa.

Ya kulipiwa ilikuwa safi. Sikuona kosa hata moja la sarufi. Ilianza kwa kusema amezaliwa katika umaskini uliokithiri, kwenye kijiji kilichosahauliwa kando ya ziwa, na kwamba elimu ndiyo ufunguo wake wa kuibadilisha Afrika. Karatasi ile angeweza kuitia sahihi mtoto wa Kigoma, wa Mwanza au wa Kisumu bila kubadilisha kitu zaidi ya jina la ziwa.

Ya kwake ilikuwa na makosa karibu kila mstari. Lakini ilianza na daftari. Mama yake hununua dagaa wabichi alfajiri, mitumbwi inaporudi na karabai zake, huwaanika mchangani, na wakikauka huwakopesha wachuuzi wa Matai na Sumbawanga kwa mali kauli. Dada yangu hakumaliza darasa la saba. Tangu akiwa na miaka tisa, binti ndiye mshika daftari. Aliandika jinsi alivyojifunza kutenganisha ndoo na kilo, kwa kuwa dagaa wa masika hawakauki sawasawa na ndoo yao inakuwa nzito kwa maji. Aliandika kwamba mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakaoza mchangani, na mama yake akamwambia asimdai mtu yeyote mwezi ule, kwa sababu mvua ilikuwa ya wote. Na aliandika, kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, kwamba anataka kusoma takwimu.

"Daftari liko wapi?" nilimuuliza, nikimwonyesha ile karatasi safi.

"Alisema hilo si jambo la kuandika, mjomba. Alisema wanataka kusikia nimeteseka."

Watu huniuliza kama kulipia kunyooshewa insha kuna faida. Jibu langu limetoka kwenye karatasi zile mbili. Kanuni za vyuo vingi zinataka insha iwe ya mwombaji mwenyewe, na mtu akiandikiwa anaweza kunyimwa nafasi. Lakini hata kama isingekuwa hivyo, mtoto huyu alilipa ili aporwe kitu pekee ambacho hakuna mwombaji mwingine duniani angekuwa nacho. Sasa kuna akili mnemba ndani ya simu inayofanya kazi ile ile bure, na nimeshasoma barua za wanafunzi wangu zinazofanana kama mapacha. Shilingi 80,000 zimekuwa sifuri, hasara imebaki pale pale.

Msaada wenyewe siupingi. Kule Kenya kuna mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, pamoja na mwandishi wa habari John Manners. Huwaandaa vijana waliofaulu lakini hawana uwezo waombe vyuo vya Marekani, insha zikiwemo, bila kuwatoza. Mtoto wetu anahitaji mtu wa kumsaidia hivyo zaidi kuliko mtoto wa London, kwa sababu amelelewa asijiseme. Mtu huyo akiuliza kwanza, akakaa kimya, akauliza tena, mlipe, hata kama Kiingereza chake si cha kutisha. Akianza kuandika kabla hajakuuliza kitu, chukua karatasi zako uondoke.

Ijumaa iliyofuata mimi na binti tulishuka pamoja Kasanga. Kilomita 112 ambazo kaka alizisafiri juu ya lori sasa ni lami. Tulikaa barazani kwa dada siku mbili. Mimi sikuandika neno. Niliuliza tu: nani alikufundisha kugawanya? Aliyekataa kulipa mlimfanyaje? Makosa ya nyakati na vituo nilimpigia mstari kwa penseli, akasahihisha mwenyewe. Neno moja, mali kauli, tulihangaika nalo jioni nzima, mwisho akaliacha kama lilivyo na kulieleza kwa sentensi mbili.

Jumapili usiku alimsomea mama yake insha yote, akiigeuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Dada alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo, hakuinua uso. Palipotajwa umaskini kwenye ile karatasi ya kulipiwa, siku chache nyuma, alikuwa amesema neno moja tu, "Nani, mimi?" Safari hii alisikiliza mpaka kwenye mvua ya siku tatu, na hapo mkono ukasimama.

"Umeandika ndoo arobaini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Zilikuwa thelathini na saba. Angalia daftari."

Binti akaingia ndani na tochi ya simu kulitafuta.